Kumbukumbu ya mradi: vipande 29 na flashi iliyonidanganya

Jana saa tano usiku vipande vyote 29 vya nakala ya diski ya shangazi vilipita uhakiki. Kazi niliyodhani ni ya jioni moja imenichukua siku sita, na nne kati ya hizo zimeliwa na kosa moja tu.

Diski hiyo ya GB 500 imo kwenye kompyuta ya studio yake ya picha, Sinza, na ilikuwa imeanza kukwaruza. Nakala yake, baada ya kubanwa kwa zstd (programu ya kupunguza ukubwa wa faili), ilifika GB 120, nikaihifadhi kwa muda kwenye kompyuta yangu. Vyombo vya kuigawia vilikuwa diski kuukuu ya GB 80 na flashi mbili za GB 32 kutoka Kariakoo, zote za FAT32, mfumo wa kupanga faili usiokubali faili moja kubwa mno. Kwa hiyo nikaiamuru split, programu ya kukata faili, ikate vipande vya baiti 4,194,304,000, chini kidogo ya ukomo wa mfumo huo wa baiti 4,294,967,295 kwa faili moja. Vipande 16 vilikwenda kwenye diski, saba kwenye flashi ya kwanza na sita kwenye ya pili.

Kila kipande nilikipima kwa sha256sum, programu inayosoma faili na kutoa alama ya kulinganisha na ya asili, mara tu kilipomaliza kunakiliwa, na kila kimoja kilikubali. Asubuhi, nilipoichomeka tena flashi ya kwanza, kipande kimoja tu kilikuwa kizima, ingawa majina na ukubwa wa vyote saba vilionekana sawasawa. Nikanakili upya. Nikabadilisha tundu la USB, nikaulaumu umeme uliokatika usiku, nikaifomati flashi mara tatu, na kila mara vipande vilipita usiku, vikaharibika asubuhi. Shangazi naye hakuchoka kupiga simu: “Mwanangu, picha za harusi za watu zipo?”

Nilizinduka nilipotazama saa. Uhakiki wa kipande kimoja ulichukua sekunde 12, ilhali USB 2.0, hata kwa kasi yake ya juu kabisa kwenye karatasi, yaani MB 60 kwa sekunde, isingeweza kusoma GB 4.2 chini ya sekunde 70. Kumbe sha256sum haikuwa ikiisoma flashi hata kidogo. Ilikuwa ikisoma nakala iliyobaki kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Nikaiendesha f3probe, programu ya kundi la f3 inayopima uwezo halisi wa flashi, nayo ikatoa hukumu: flashi iliyoandikwa GB 32 ina uwezo halisi wa GB 7.4, na chochote kinachozidi hapo hupokelewa kwa adabu kisha hutupwa. Kwa maoni yangu f3 ni chombo cha kwanza kuwekwa kwenye kompyuta ya mtu yeyote anayenunua flashi mjini hapa, kabla hata ya programu ya kunakili. Muuzaji alinibadilishia bila ubishi, na hiyo mpya niliipima palepale dukani. Sasa sihakiki kitu kabla ya kuichomoa flashi na kuichomeka tena.

Nilipanga kuongeza leo faili za par2, yaani za ziada za kurekebisha data ikiharibika, lakini nimezama kwenye jambo jingine: chaguo la --filter la split, ambalo hukiwezesha kila kipande kubanwa peke yake, ili kimoja kikipotea vinavyokifuata viendelee kufunguka na pengo lake lijazwe sufuri. Jaribio la GB 20 limefaulu. Naikata upya nakala nzima kwa njia hiyo usiku huu, na par2 itasubiri.