Mwili wa Sarpedon unarudishwa nyumbani

Hapa Moshi, mtu akifia Dar es Salaam, ndugu huanza mara moja kupanga usafiri ili azikwe kihambani, walikolala wazee wake. Ndiyo maana naamini msomaji wa huku aingie kwenye Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer juu ya vita vya Troy, kupitia kifo cha Sarpedon, mfalme wa Lycia, kusini-magharibi mwa Uturuki ya leo.

Anza na kitabu cha 12, mstari wa 310 hadi 328. Sarpedon anamuuliza Glaucus, mwenzake kutoka Lycia: kwa nini kwetu tunapewa viti vya heshima, nyama na vikombe vilivyojaa? Basi ni lazima tusimame mbele vitani. Wajibu kwake ni deni la heshima aliyokwisha kuila. Sijaona hoja safi zaidi katika utenzi mzima.

Kisha nenda kitabu cha 16, mstari wa 431. Hapa wengi hukosea, wakidhani Zeus, mkuu wa miungu, hawezi kumwokoa Sarpedon, mwanawe. Hera, mke wa Zeus, hasemi hivyo. Anamwambia: fanya, ila miungu wengine hawataridhia, nao watataka kuwatoa wana wao vitani. Zeus anakubali kumwacha afe, ananyesha matone ya damu ardhini, na Patroclus, shujaa wa upande wa Wagiriki, anamuua.

Mstari wa 666 hadi 683 usome polepole. Mungu Apollo anauosha mwili mtoni, anaupaka ambrosia, marhamu ya miungu, anauvisha. Usingizi na Mauti, ndugu mapacha, wanaubeba hadi Lycia, ambako jamaa zake watamzika kwa kilima cha udongo na nguzo ya jiwe.