Bibi na yule mwanamaji
Jana Mikindani, nikibangua korosho za kuchoma na bibi, nilimsimulia habari za Alfredo Astiz, ofisa wa jeshi la wanamaji la Argentina. Mwaka 1977 alijipenyeza kwa akina mama waliotafuta watoto wao waliopotezwa na utawala wa kijeshi. Alijiita Gustavo Niño, akadai naye kapotelewa na kaka. Desemba wakatekwa watu 12. Waanzilishi watatu wa kundi hilo walitupwa baharini kutoka kwenye ndege. Maji yakawarudisha ufukweni, mabaki yakatambuliwa 2005.

"Alikaa nao, akawaita mama?" Hilo ndilo lililomkera bibi, kuliko hata ndege.

Kifungo cha maisha kilikuja 2011. Bibi akahesabu kwa vidole vyeusi vya masizi.

"Miaka 34, mjukuu wangu!"

Korosho iliyofuata aliigonga ikasagika. Bibi huwa havunji.