Pasipoti kwanza, Geneva baadaye

Jana usiku kijana wa jirani kanigongea mlango hapa Makina, Kibra, Nairobi, simu mkononi, ananiambia kaka nisaidie hii fomu inafungwa karibuni na sielewi hawa watu wanataka nini. Kuangalia, kumbe ni ileile feloshipu niliyoenda mimi, ya ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa kwa sisi wa jamii ndogo. Kila mwaka lazima watu wawili watatu waniulize, basi acha niandike hapa nikiulizwa tena nitume linki tu.

Hii kitu ilianza 2005. Iko nyingine ya jamii za kiasili, kina Ogiek na Endorois waangalie hiyo, ni ya zamani zaidi, tangu 1997. Unakaa Geneva wiki kadhaa, tiketi wanalipa, pa kulala wanalipa, hela ya kula unapewa, na wanaipanga iangukie ule mkutano wa kila mwaka wa jamii ndogo, Novemba mwishoni hivi kwa hivyo beba sweta, beba mbili. Kuomba ni bure. Ukiambiwa ulipe ada ya fomu, huyo ni mwizi.

Kinachofundishwa huko ni njia za kupita tu, yaani kamati gani inasoma ripoti ya serikali yako kuhusu ubaguzi wa rangi, inakaa lini, na nyinyi mtume ripoti yenu wapi kabla serikali haijaketi kuulizwa maswali. Mimi nilikuwa naandika kwenye daftari huku nimekasirika, manake haya mambo yako wazi miaka yote na huku mtaani hakuna aliyetuambia.

Sasa nikamuuliza kijana, pasipoti unayo? Kimya. Kitambulisho alikipata akiwa na miaka ishirini na mbili, Wanubi wenzangu mnajua kwa nini. Wenzetu wa darasa moja walienda na cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi wakamaliza, sisi tulikuwa tunapelekwa mbele ya kamati tuhojiwe kama kweli ni wa hapa, na babu zetu waliletwa na Mwingereza kutoka Sudan wakawa askari wa Keya, lile jeshi la mkoloni la King's African Rifles, wakapewa hii Kibra ikiwa bado msitu, hata jina lenyewe ni la Kinubi. Zamu yangu nilibeba picha ya babu mzaa babu, amevaa yunifomu ya Keya, fezi kichwani. Afisa akaichukua, akaigeuza nyuma, akaniuliza, "Stempu iko wapi?"

Ndio maana nasema feloshipu ya watu wa jamii ndogo inawakata wengi kabla hata hawajaifungua fomu.

Na si kwamba hatujashinda popote. 2011 kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za mtoto ilisema wazi kwamba Kenya imewanyima watoto wa Kinubi haki ya uraia, na hiyo ilikuwa kesi ya kwanza kabisa kamati hiyo kuamua. Nilivyoitaja Geneva kwa kujivunia, mwenzangu mmoja wa Waroma, jamii ndogo ya huko Ulaya, akauliza, sasa watoto wanapata vitambulisho bila kusumbuliwa? Nikanywa maji kwanza.

Turudi kwa fomu. Kijana alikuwa ameandika yeye ni kiongozi chipukizi mwenye ndoto kubwa, nikamwambia futa yote. Andika ulienda ofisi mara ngapi, ukaambiwa nini, ukarudi lini, na mdogo wako yuko hatua gani sai. Barua ya kukupendekeza pia, tafuta mtu wa jumuiya anayekujua kwa kazi, usimfuate mheshimiwa atakayesaini bila kusoma.

Niliporudi haboba, yaani bibi yangu, aliniuliza nimewaambia? Nimewaambia haboba. Wakasemaje? Ikabidi nimweleze kwamba pale kila mtu anapewa dakika chache, zikiisha maikrofoni inazimwa, anafuata mwingine. Akanitazama weee, akafunua kawa akanisukumia gurusa, mkate wetu wa Kinubi.

Jumanne asubuhi naenda na kijana kufuata hiyo pasipoti. Fomu iko kwenye simu yake, swali la nne bado.