Mazishi ya Shombo

Nyumbani kwetu Malindi, ndani ya Mji Mkongwe, kulikuwa na paka wawili, Shombo na Kaniki. Wote walikuwa wa bibi, ingawa mwenyewe alikana. "Mie sifugi paka," akisema, "wamekuja wenyewe." Na kweli walikuja wenyewe kutoka diko la samaki, kama wanavyokuja paka wengi wa mtaa ule. Shombo alikuwa jike wa rangi tatu, mweupe mwenye mabaka meusi na ya manjano, sikio moja limekatika ncha. Kaniki alikuwa dume jeusi, mwoga wa watu, aliyeshinda juu ya kabati la vyombo na kushuka usiku tu.

Shombo alikuwa na tabia ambayo sijaiona kwa paka mwingine. Bibi akitandika msala, naye huja kujilaza pale pale unapoangukia mkono wa kulia, na bibi akitaka kusujudu humsogeza taratibu bila kukatisha sala. Wageni wakikunja uso, bibi alisubiri atoe salamu kwanza, kisha akawakumbusha kwamba paka si najisi, na kwamba sahaba aliyepokea Hadithi nyingi kuliko wote ndiye Abu Huraira, baba wa kipaka. Mjadala ukaishia hapo.

Kisha likaja lile giza. Desemba 2009 njia ya umeme inayotufikia kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari iliharibika, na Unguja ikakaa bila umeme hadi Machi 2010. Ambao hawakuwepo hudhani shida ilikuwa giza. Giza mtu hulizoea. Shida ilikuwa maji, maana pampu zilisimama na sisi tukawa watu wa kubeba madumu; shida ilikuwa joto la kaskazi bila feni, na jenereta za wenye nazo zikivuma na kutoa moshi usiku kucha. Friji yetu iligeuka kabati la unga. Samaki walinunuliwa wa kuliwa siku ile ile, na kilichobaki kilikuwa cha paka. Sidhani kama Shombo na Kaniki waliwahi kushiba kama walivyoshiba miezi ile.

Panya nao walipata nafasi yao. Mwenye duka wa chini yetu alitobolewa magunia ya mchele, akatega sumu. Hakutwambia, na sisi hatukumuuliza. Paka hata akiwa ameshiba vipi, akimwona panya anajikokota hamwachi.

Kaniki ndiye aliyepotea kwanza. Siku ya pili yake nikamkuta Shombo amelala kwenye ngazi, watu wanamruka, hainuki. Bibi akaniambia nisogeze kandili, akampandisha mdomo kwa kidole gumba. Ufizi ulikuwa mweupe, hauna hata tone la uwekundu. Damu yenyewe ilikuwa puani. Ukiifuta, baada ya muda inarudi. Tulimpa maziwa, akayatazama tu. Bibi alimpakata usiku ule wote, na asubuhi, watu wakinywa chai, akakata roho.

Daktari mmoja wa mifugo alinieleza baadaye kwamba sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda. Panya hafi papo hapo, huendelea kuzurura siku kadhaa akizidi kuwa mzito, na anayemla hula na sumu. Dawa yake ni vitamini K, ikiwahiwa. Sisi wakati ule tungeijulia wapi?

Sasa kumzika. Mji Mkongwe hauna udongo. Kila unapokanyaga ni jiwe au saruji. Mjomba alisema apewe akamtupe baharini. Mama akasema jaa liko karibu. Bibi hakumjibu yeyote. Akatoa kikapu cha ukili na kipande cha kanga kuukuu, akaanza kumkunja Shombo ndani yake.

"Mama," mama yangu akasema, "sasa na paka avikwe sanda?"

"Sanda iko wapi? Hiki si kitambaa changu cha kuipulia vyungu?"

Halafu akanigeukia. "Vaa buibui yako, twende Bububu."

Bububu alikuwako dada yake, mwenye kiwanja na miti. Tukatoka hadi Darajani. Kondakta alitaka kukitupa kikapu juu ya gari pamoja na mizigo mingine. Bibi akamwambia hiki nakipakata. Tukabanana kwenye benchi, kikapu mapajani mwake, mimi pembeni nikiomba tusiulizwe. Tulikuwa hatujafika hata Mtoni pale mzee mmoja alipochungulia, akasema kwa uchangamfu, "Bibi, vibua leo vinakwendaje?"

"Si vibua. Ni paka. Kafa, nakwenda kumzika."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kijana mmoja akaangua kicheko, akakikatisha alipoona hakuna anayemuunga. Mzee akarudisha shingo yake. Kimya. Ndipo mwanamke aliyekaa mkabala nasi, ana mtoto mgongoni na dumu tupu miguuni, akasema, "Pole, bibi. Wa rangi gani?"

Nyumbani hakuna aliyempa pole. Hata mimi. Bibi akaanza kueleza: mweupe, ana mabaka, hili sikio la kushoto halina ncha, na ukiswali ... hakumaliza. Alilia mbele ya watu wote wale, yeye ambaye kwenye msiba wa babu ndiye aliyekuwa akiwanyamazisha wenzake. Yule mwanamke akamwacha alie kidogo, kisha akasimulia shume lake lililokuwa likimsindikiza kisimani na kurudi naye. Mzee wa vibua akasema na yeye pole. Kondakta hakusema kitu, na nauli tulilipa kama wengine.

Shombo tulimzika chini ya mfenesi, tukalaza jiwe zito juu ili mbwa wasifukue. Dada yake bibi alikuwa keshachemsha mihogo.

Kaniki hatukumpata. Baada ya siku chache harufu ilianza kutoka kwenye nyumba ya jirani iliyofungwa makufuli, mwenyewe yuko ng'ambo, na sote ukumbini tukajua bila kuambizana. Ufunguo hakuna. Mimi kilio changu kilikuwa cha huyo, aliyekwenda kufia mahali ambapo hata kitambaa cha vyungu hakikumfikia.

Umeme uliporudi, mwenye duka alipanda ngazi kuomba kipaka. Panya bado wamemzidi. Bibi akamsikiliza hadi mwisho, akasema, "Kwanza niletee hiyo sumu yako." Akaleta pakiti zote. Bibi akazifungia kwenye kasha lake, akaenda mwenyewe diko kumchagulia kipaka. Tangu hapo kila jioni alipita dukani, hata kama hana cha kununua.

"Kala nini leo?"

"Kibua kizima, bibi, na kichwa cha changu."

"Na maji?"

"Kanywa, bibi."