Gauni la sendofu

Jana nimezunguka Kariakoo, Mtaa wa Kongo wote, tangu saa tatu asubuhi hadi adhuhuri, natafuta gauni la sendofu ya mdogo wangu. Navaa namba 20. Kila duka jibu moja: "Dada, kwa mwili wako chukua dera." Dera nalipenda, ila la nyumbani. Wanene tupo wengi na hela tunazo, kwa nini hamtuletei nguo zenye kiuno? Moja waliloniambia ni "frii saizi" zipu iligoma mbavuni, muuzaji akanipokonya kama nimelichafua. Iliniuma mno. Nimenunua kitambaa cha zambarau, mita 4, nikampelekea fundi. Amenipima kifua, kiuno, nyonga, akaandika daftarini bila kuguna. Alhamisi nakwenda kujaribu.