Kwa nani, kwa lipi

Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha tatu. Juzi kaja na swali la skuli: responsible na accountable zina tafauti gani? Kamusi yake zote mbili kazipa “kuwajibika”.

Nikamwambia ajaribu kwa upepo. Kusi likiangusha minazi, Mwingereza husema upepo ndio responsible, yaani ndio uliosababisha. Accountable hauwi. Neno hili limetokana na hesabu, na upepo huwezi kuuita ukautaka hesabu. Anayeitwa accountable lazima pawe na wa kumjibu na jambo la kulijibia.

“Kwa hiyo mjomba, asiyefanya kosa naye anaweza kuwa accountable?”

Anaweza. Nikamtajia Mzee Ruksa, yaani Ali Hassan Mwinyi, aliyezikwa Mangapwani 2024. Mwaka 1977 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Watu walikufa mikononi mwa polisi kule Shinyanga; yeye hakumgusa mtu, lakini polisi walikuwa chini yake, akajiuzulu. Miaka minane baadaye akawa rais wa Tanzania.

Ninamheshimu sana kwa lile. Ila nadhani tangu hapo tumelibana neno letu. Leo ukisikia “waziri awajibike”, watu wanataka atoke kitini, basi. Meli ya Skagit ilipozama karibu na Chumbe, hapa Zanzibar, Julai 2012, waziri wetu wa miundombinu alijiuzulu, na ni wachache wanaofanya hivyo. Lakini kutoka ni kitu kimoja, kueleza ni kingine. Aliyefiwa baharini haja yake kubwa si kiti kiwe kitupu. Anataka aambiwe ilikuwaje. (Na wale wa “wahusika watachukuliwa hatua” siwagusi hapa, nitakesha.)

Waislamu jambo hili si geni kwetu. Hadithi tunaijua tangu chuo cha Kurani: kila mmoja wenu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Ataulizwa. Hakuambiwa ataondolewa.

Mshika fedha wa msikiti wetu husoma daftari baada ya sala ya Ijumaa, mpaka bei ya kamba ya ndoo. Wengi huwa wameshavaa viatu. Mara ya mwisho nilibaki nikauliza kwa nini rangi imenunuliwa mara mbili. Uso ulimkunjika, akafungua ukurasa, akajibu: kopo la kwanza lilikuwa rangi ya mafuta, na ukuta una chumvi.