Siku moja maishani mwangu: kazi ya kuuliza mambo ya chumbani

Saa 12 na nusu asubuhi simu iko mkononi. Usiku huwa inajaa ujumbe wa watu waliopewa kuponi za utafiti. Mmoja anaomba tuahirishe. Mwingine anauliza kama mlangoni kuna bango linaloeleza tunachofanya; namjibu hakuna bango, aje tu. Wa tatu aliandika kitu usiku wa manane kisha akakifuta. Huyo simsumbui. Nikimfuatafuata nitampoteza.

Mimi ni msaili katika utafiti wa kijamii kuhusu kinga ya VVU kwa wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume wenzao, wakiwamo wenye wake na wale wapendao jinsia zote mbili. Nikiitaja kazi hii, wapo wanaonihurumia, wapo wanaodhani nagawa dawa, na wapo wanaonong'ona, "Kwani mnawauliza nini hasa?" huku macho yanawaka kama ya mtu aliyenusa umbea. Umbea hamna. Sipimi damu, sigawi vidonge, simfundishi mtu aishi vipi. Kuna dodoso refu, kiti kigumu, na mtu mbele yangu anayenipima kama nitamgeuka.

Saa 2. Nachaji vishikwambi, najaribu kinasa sauti, nawasha feni karibu na dirisha ili maneno yasisikike nje. Fomu zetu za ridhaa hazina mahali pa sahihi. Namsomea mhojiwa, anakubali kwa mdomo, naweka alama kwamba nimemsomea na amekubali. Kamati ya maadili iliruhusu hivyo kwa sababu sahihi ingekuwa ndiyo karatasi pekee inayomfungamanisha mtu huyu na utafiti huu, na katika nchi zaidi ya 60 duniani mapenzi ya wanaume wawili bado ni kosa kisheria.

Kazi hii ina doa lake la zamani. Miaka ya 1960 huko Marekani, mtafiti Laud Humphreys aliwachunguza wanaume waliokutana kwa siri kwenye vyoo vya umma, akanakili namba za magari yao, akazitumia kupata anwani zao, na mwaka mmoja baadaye akabadilisha mwonekano na kuwagongea milango kwa kisingizio cha uchunguzi wa afya. Wengi wao walikuwa na wake. Majina aliyaficha, na matokeo yake yaliondoa uzushi mwingi kuhusu wanaume hao, ila ruhusa hakuwaomba. Kwa hiyo mhojiwa akiniambia, "Dada, ruka hayo, nimeshaelewa," siruki. Namsomea mpaka mwisho, apende asipende.

Saa 3 hadi saa 4 na nusu: wahojiwa wawili, wamefika kwa wakati, wamejibu, wameondoka. Sina la kusimulia.

Kisha akaingia bwana wa kofia.

Ili muelewe alivyonichosha, lazima nieleze kuponi. Orodha ya wanaume hawa haipo popote, na huwezi kusimama barabarani ukawauliza wapita njia. Unaanza na wachache wanaojuana na wenzao wengi; tunawaita mbegu. Kila mmoja anapewa kuponi tatu awape anaowafahamu, na hao wakija wanapewa tatu zao, hivyo hivyo mpaka mnyororo ufike kwa watu ambao sisi wenyewe tusingewapata maishani. Mwanasosholojia Douglas Heckathorn aliieleza mbinu hii mwaka 1997, akiwa anashughulika na watu wanaojidunga dawa za kulevya. Kuponi ina namba, kwa hiyo tunajua nani kamleta nani bila kujua jina la yeyote. Tunamuuliza pia kila mtu anafahamiana na wanaume wangapi wa kundi hili, maana mwenye marafiki wengi ana nafasi kubwa zaidi ya kuletwa kwetu, na hesabu lazima imrekebishe. Uongo ukiingia kwenye kiungo kimoja, vyote vinavyoning'inia chini yake vina walakini.

Na kuna nauli. Kila anayehojiwa anarudishiwa nauli na kupewa fidia ndogo ya muda wake. Sasa mmeshaanza kuelewa.

"Aliyekupa kuponi ni nani kwako? Jina sitaki."

"Rafiki."

"Wa tangu lini?"

"Wa siku nyingi."

"Wanaume wangapi wa kundi hili unaowafahamu nao wanakufahamu, mlioonana mwezi huu?"

"Mia mbili." Akaniangalia. "Au ishirini. Andika yoyote tu, dada yangu."

Sauti ile nilikuwa naijua. Kofia ilikuwa mpya, sauti ilikuwa ileile. Kwa kuwa hatuandiki majina, tunamtambua mtu kwa alama tunazounda kutokana na majibu yake madogomadogo, pamoja na vipimo viwili: unene wa kifundo cha mkono, na urefu kutoka kiwiko hadi kifundo. Nikatoa rula. Akaukunja mkono, akauficha chini ya meza, akasema ana baridi. Chumba kilikuwa kinachemka. Alipokubali hatimaye, vipimo vyote viwili vilikuwa sawasawa na vya mtu aliyekwisha kuhojiwa kwetu, hata milimita haikupungua.

"Kwani mkono kama huu ninao peke yangu?" akauliza. Kwa kweli nilitaka kucheka.

Sikucheka, kwa sababu hapo ndipo palipo na hatari. Mtu wa namna hii ukimfukuza vibaya, jioni habari zimeenea kwamba sisi ni wapelelezi, na uvumi mmoja tu unaweza kufunga milango iliyochukua miezi kufunguka. Kwa hiyo nilikaa. Akadai nauli. Nikamweleza taratibu. Akadai kumwona mkubwa wangu. Mkubwa akaja, akaeleza yaleyale niliyoeleza mimi, kwa sauti nzito zaidi, na bwana akamwelewa yeye. Halafu akarudi kwangu akidai nauli ya kurudi tu, "ya kwenda niachie mwenyewe." Nje wahojiwa wa kweli wanasubiri, na kumkalisha mtu wa kundi hili kwenye benchi ambako anaweza kuonwa na anayemfahamu si jambo dogo. Mmoja aliondoka. Huyo ndiye aliyeniuma, bwana wa kofia sikumchukia. Mwenye shida ya nauli ana shida ya nauli. Alichukua kondomu na vilainishi, akauliza kituo cha kupima kiko wapi, akaenda zake. Mimi nikabaki kujaza fomu ya tukio, kurasa mbili, na kuifuta kuponi yake kwenye mfumo.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri.

Mhojiwa wa mchana alikuwa mtu mzima, mtulivu. Hapa nimechanganya habari za watu kadhaa, msimtafute. Tulikwenda vizuri mpaka swali la 31: katika miezi 6 iliyopita, ulipofanya ngono, ulitumia kondomu mara ngapi? Majibu ni manne: kila mara, mara nyingi, mara chache, sikutumia.

"Na nani?" akauliza.

"Na yeyote."

"Hakuna mtu anayeitwa yeyote. Kuna mwenzangu, na kuna wengine."

Mwenzake anaishi na VVU, anatumia dawa za kufubaza, na virusi vyake havionekani kwenye vipimo. Wao wawili hawatumii kondomu. Nje ya hapo anatumia kila mara, na hayo ndiyo makubaliano yao, yamejadiliwa, yamegombewa, yamekubaliwa. Nikabonyeza "mara chache" kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kubonyeza, na kishikwambi kikampaka rangi nyekundu: yuko hatarini.

Hatari gani? Utafiti wa PARTNER2, uliochapishwa mwaka 2019, ulifuatilia jozi 782 za wapenzi wa kiume, kila jozi mmoja akiwa na VVU iliyodhibitiwa kwa dawa na mwenzake hana. Walifanya ngono bila kondomu takriban mara 76,000, na hakuna hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenzi hadi kwa mwenzi. Na kuhusu makubaliano, Susan Kippax na wenzake huko Australia walishaandika mwaka 1993 kwamba wapenzi wa kiume wanajiwekea kanuni zao za usalama ndani na nje ya uhusiano. Wanaume hawa walitangulia kufikiri, wataalamu wakafuata na kalamu. Dodoso letu bado linaamini kwamba kinga ni mpira tu.

Nikamuuliza kuhusu PrEP, vidonge anavyomeza asiye na VVU ili asiambukizwe. Alimeza kwa miezi kadhaa akaacha. Mtu mvivu angeandika "aliacha, alisahau" akaendelea. Mimi huwa siulizi "unameza kila siku?" kwa sababu swali hilo lina jibu lake tayari, nalo ni ndiyo. Katika utafiti wa iPrEx wa mwaka 2010, uliolinganisha vidonge hivyo na vya bandia kwa washiriki 2,499, watu walisema wanameza. Damu ilipopimwa, kati ya waliopewa dawa halisi na hawakuambukizwa, takriban nusu tu ndio waliokutwa na dawa mwilini, na kati ya walioambukizwa ilikuwa asilimia 9. Kwa hiyo nauliza: kopo unaliweka wapi?

Akanyamaza kidogo. Kopo lilikuwa linalia kwenye begi. Vidonge vinagongana kila akipiga hatua, na kazini watu wana masikio. Akaweka pamba ndani. Pamba ikazima sauti, lakini kopo lenyewe linafanana na la dawa za kufubaza, na mtu wa familia akaliona. Kuanzia hapo nyumba nzima inaamini ana VVU, na yeye hawezi kuwaeleza kwamba dawa hii ni ya asiye na VVU bila kueleza kwa nini anaihitaji. Akaona heri kuitupa.

Hilo ndilo jibu. Halikuwamo kwenye orodha ya sababu 9 za kuacha PrEP, nikaliandika kwenye sehemu ya "nyingine, eleza", inayopokea herufi 250. Zikaniishia kwenye pamba.

Alipoondoka alisema, "Ni afadhali kumwambia mwanamke asiyenijua." Wengi husema hivyo. Siko kwenye mzunguko wao, sitakutana nao usiku, siri yao haina pa kwenda.

Jioni ni unukuzi. Saa moja ya sauti inakula saa nne au zaidi za kuandika, na unaandika kila kitu: kikohozi, kicheko, kimya cha sekunde ngapi. Kila jina linalotajwa nalifuta, kila mtaa naufuta. Masikio yanauma, mgongo usiseme. Katikati akapiga afisa wa mradi mmoja akitaka nimpe "kwa sentensi moja" sababu ya wanaume hawa kutojikinga. Nilimwambia wanajikinga, swali letu ndilo halioni. Akasema sawa, lakini kwa sentensi moja.

Kikao cha timu kilianza nikiwa na headfoni shingoni. Nikalileta swali la 31. Mkuu wa takwimu akakataa kulibadilisha, na hoja yake ina nguvu: liliulizwa hivyohivyo awamu iliyopita, ukiligusa huwezi tena kulinganisha awamu mbili. Tukabishana mpaka watu wakaanza kuangalia saa. Mwishowe tukakubaliana libaki, lakini yafuate mawili mapya: na mwenzi wako wa kudumu vipi, na wengine vipi, na kwa kila mmoja, ni kinga gani nyingine mnayoitegemea. Kuongeza swali kunahitaji kibali cha kamati ya maadili, kwa hiyo nimekaa hadi saa 3 usiku naandika ombi: sababu, maneno kamili ya maswali, muda utakaoongezeka kwa mhojiwa.

Nimelituma. Kamati inakutana mwishoni mwa mwezi. Kesho asubuhi nina wahojiwa watano, na wote nitawauliza la 31 kama lilivyo.